Kadi bila kompyuta, programu ya Scratch au kishikwambi: uanze na nini kwa watoto wa msingi hapa Dodoma

Likizo ikikaribia swali ni lile lile, liwe la mzazi wa Area C au la mwalimu wa huko Bahi: nataka mtoto aanze kompyuta, nianzie wapi, na hii mitandao nimlindeje. Majibu mengi anayopata yanatoka kwa mtu mwenye kitu cha kuuza, wa duka la simu atakwambia nunua tablet, wa kituo cha mafunzo atakwambia lipia miezi mitatu. Mimi nafundisha watoto Jumamosi, darasa la tatu mpaka la saba, na njia ninazolinganisha hapa nimezitumia zote kwa nyakati tofauti. Upande wangu nauweka wazi mapema, kinachoamua ni watoto wangapi wanagombania kifaa kimoja na mtu mzima gani amekaa nao. Ukishajibu hayo mawili, habari ya kifaa gani kizuri inakuwa ndogo sana.

Alafu kuna kitu watu wanachanganya. Mtoto kujifunza kuwasha, kuchapa jina kwenye Word na kuchora kwenye Paint ni kutumia kompyuta, na mtoto kujifunza kuipangia kompyuta kazi ni kitu kingine. Vituo vingi vinafundisha hicho cha kwanza kwasababu mwalimu anakijua na mzazi anakiona, mtoto anarudi na karatasi imeprintiwa jina lake kwa rangi, mzazi anafurahi. Sio kibaya, kuchapa kuna faida, ila kwa mtoto wa darasa la nne wiki chache zinatosha kabisa. Kwahiyo chini nikisema kujifunza kompyuta namaanisha zaidi hicho cha pili.

Bila kompyuta kabisa

Wengi nikiwaambia hii wanacheka. Lakini kuna mfumo unaitwa CS Unplugged, ulianzia New Zealand miaka ya 1990, Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury na wenzake, kazi yake ni kufundisha mambo ya kompyuta kwa kadi, kamba, chaki na watoto wenyewe. Mazoezi yake yako bure mtandaoni, ukipakua mara moja na kuprinti humuhitaji mtu tena.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kadi tano. Unachukua manila, unakata vipande vitano vikubwa, unaweka vidoti kwa maka peni: kadi ya kwanza vidoti 16, inayofuata 8, alafu 4, 2, 1. Watoto watano wanasimama mbele wameshika kadi, mwenye 16 awe kushoto kwa darasa, mwenye kidoti kimoja kulia. Kadi ikionyesha vidoti imewaka, ikigeuzwa imezimwa. Unawaambia nipeni 9. Kimya kidogo, alafu mmoja anaropoka "nane na moja!", hao wawili wanageuza, wengine wamezima, ubaoni unaandika 01001. Nipeni 21, inakuwa 16 na 4 na 1, yaani 10101. Nipeni zote, 31. Hapo unawachokoza, nipeni 32. Wanahangaika, wanahesabu kwa vidole, wengine wanamlaumu mwenye kadi ya 16 kwamba amesimama vibaya, mpaka atokee wa kusema tunahitaji mtu wa sita na kadi yake iwe na 32. Hujamfundisha mtu huyo, ameona mwenyewe kwamba kila kadi ni mara mbili ya jirani yake. Ukitoka hapo A ni 1, B ni 2, herufi zote 26 zinaenea kwenye kadi tano (na Kiswahili chetu hata hakizitumii zote, Q na X hatuna kazi nazo) na watoto wanaanza kutumiana majina kwa kuwasha na kuzima kadi. Darasa la watoto sabini linaweza kufanya hili, watano mbele na wengine wote wanaamuru.

Lingine ni la kupanga namba, unachora njia kwenye mchanga wa uwanja wa shule, na mchanga huku kwetu hatujanyimwa. Watoto sita kila mmoja na namba yake wanatembea kwenye mistari, wakikutana wawili kwenye duara wanalinganisha, mwenye ndogo anaenda kushoto mwenye kubwa kulia, wakifika mwisho wamejipanga kutoka ndogo mpaka kubwa bila mtu kuwapanga. Wakibisha wanarudia kwa kukimbia.

Ubaya wake sasa. Kwanza mwalimu lazima awe amelielewa zoezi mwenyewe, kwasababu hakuna mashine ya kumfichia, ukikwama watoto wote wanakuona. Pili baada ya wiki kadhaa wanaanza kuuliza kompyuta yenyewe iko wapi, na wazazi nao, kama kuna hela wamechangia, watasema tumelipia makaratasi. Tatu mtoto anaelewa namba za kompyuta vizuri lakini siku ya kwanza akishika mausi anainyanyua juu hewani kama rimoti ya TV. Mkono una mafunzo yake na kadi haziyatoi.

Kompyuta na Scratch

Scratch ni programu ya watoto kuipangia kompyuta kazi, ilitoka chuo cha MIT huko Marekani mwaka 2007, ni bure, imelengwa watoto wa miaka 8 mpaka 16, na mtoto haandiki kodi (maagizo ya kompyuta), anavuta vipande vya rangi na kuvipachika pamoja. Mambo matatu watu wengi hawayajui na ndiyo yanayoifanya ifae hapa kwetu. Moja, kuna toleo la kuweka kwenye kompyuta na kufanya kazi bila intaneti, unapakua mara moja kwenye laptopu yako unahamisha kwa fleshi. Mbili, toleo hilo halimdai mtoto akaunti, kwahiyo hakuna jina, hakuna imeili, hakuna wa kumwandikia komenti, na ukija kwenye usalama hiyo ni pointi kubwa. Tatu, ina Kiswahili kwenye mipangilio ya lugha. Tafsiri yake kuna sehemu inakuacha unakuna kichwa lakini mtoto wa shule ya serikali anayesoma kwa Kiswahili anaingia haraka kuliko akikutana na Kiingereza kitupu.

Somo la kwanza kwangu huwa ni paka atembee. Wanaweka kipande cha kuanza, wanaweka cha kurudia milele, ndani yake hatua kumi, na kile cha ukigonga ukingo rudi. Paka anaenda mpaka mwisho wa skrini, anagonga, anarudi akiwa kichwa chini miguu juu, darasa zima linapiga kelele. Usiwakimbilie kuwarekebishia! Waache watafute, kuna sehemu ya kuchagua azunguke kote au ageuke kushoto na kulia tu, na atakayeipata kwanza atazunguka meza zote kuwaonyesha wenzake. Hapo ndipo Scratch inazishinda kadi, mtoto anakosea, anaona kosa kwa macho, anarekebisha mwenyewe, tena bila mtu wa kumcheka isipokuwa paka.

Kinachoiua ni idadi. Kompyuta moja watoto wawili ni sawa kabisa, mmoja ni dereva ameshika mausi, mwingine ni konda anasema tunaelekea wapi, na baada ya dakika kumi wanabadilishana. Wakiwa watatu mmoja anaanza kuangalia dirishani. Wakiwa watano, na nimewaona watano, wa pembeni wamekuja kuangalia migongo ya wenzao. Ndio maana shule yenye kompyuta nne na darasa la watoto sitini, jibu langu ni moja, msiwaingize wote, hao hamsini na mbili wafanye kadi nje na wanane waingie ndani kwa zamu. Njia hizi mbili zinaishi pamoja vizuri tu ila ratiba inataka walimu wawili, na hapo ndipo mipango mingi inafia.

Mambo mengine ya hapa hapa mjini kwetu: vumbi. Kiangazi upepo wa Dodoma unaingiza vumbi mpaka ndani ya kabati lililofungwa, na desktopu feni yake inalivuta kila ikiwaka. Shuka au kanga kuukuu juu ya mashine jioni, na mara moja kwa muhula fundi afungue apulize. Umeme ukikatika desktopu kipindi kimeisha, laptopu yenye betri nzima inaendelea, kwahiyo kama unachagua kati ya desktopu sita za mtumba na laptopu nne za mtumba chukua laptopu, ila jaribu betri kabla hujatoa hela, chomoa chaja iache iwake palepale dukani muuzaji anune tu. Na angalia Windows, Scratch ya sasa inataka kuanzia Windows 10, mashine zenye Windows 7 itabidi utumie Scratch 2 au 1.4 za zamani, ambazo kwa kuanzia zinafaa wala usione aibu.

Raspberry Pi 400 na micro:bit nazitaja haraka. Pi 400 ni kibodi yenye kompyuta ndani yake, unachomeka kwenye TV, inakula umeme kidogo mno. micro:bit ni kibao kidogo chenye taa 25 na vitufe viwili, Waingereza waliwagawia wanafunzi wao mwaka 2016. Vitu vizuri vyote, lakini kikiharibika kimoja kukipata kingine hapa mjini ni safari, hivyo visiwe vya kuanzia. Viwe vya klabu ikishasimama.

Kishikwambi na simu

Kwa darasa la kwanza na la pili hapa nakubali kishikwambi kinashinda. Bado wako kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, Scratch yenye maneno inawachosha, lakini kuna ScratchJr, ilitoka 2014 kwa ajili ya miaka 5 mpaka 7, haina maneno ni alama tupu, mtoto anavuta mshale paka anaruka. Inakaa kwenye tablet na ni bure. Kidole hakihitaji mafunzo kama mausi.

Kuanzia darasa la tatu kwenda juu kishikwambi kinaanza kushindwa. Scratch ya Android ni ya tablet, kwenye simu ndogo vipande havikai, na kibaya zaidi kifaa chenyewe kimetengenezwa kumvuta mtu aangalie vitu. Mtoto unamwacha na paka wake, unageuka kidogo, ukirudi yuko YouTube. Sio tabia mbaya ya mtoto, kitufe kipo pale pale chini ya kidole chake.

Najua swali linalofuata, vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 si viligawiwa kwa walimu? Ndio, na ukiwa nacho ni kizuri cha kuonyeshea, au kuwapigia watoto picha za kazi zao. Ila kile ni kimoja na kina imeili yako na mambo yako ya kazi, kumpa mtoto azunguke nacho ni kumfundisha kinyume cha kile unachotaka kumfundisha kuhusu usalama.

Kama hamu yenu ni masomo ya video na mazoezi kuliko kuprogramu, angalieni Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti. Laptopu moja inakuwa ghala, vifaa vingine vinajiunga nayo kwa waifai bila bando hata shilingi. Huo ni mjadala mwingine lakini nimeona shule zinanunua bando bila sababu kwa kutoijua.

Usalama: kufunga, kukariri au visa

Hapa ndipo naona tunakosea zaidi kwasababu ushauri mwingi umeandikwa kwa ajili ya nyumba ambazo kila mtoto ana simu yake.

Chukua Family Link ya Google. Apu nzuri, unapanga muda, unaruhusu apu moja moja, unaona alikuwa wapi. Lakini inasimamia kifaa cha mtoto chenye akaunti ya mtoto. Nyumbani Nkuhungu au Chang'ombe mtoto anatumia simu ya mama, ile ile yenye M-Pesa, yenye magrupu ya kikoba, yenye picha za harusi na meseji za bosi. Family Link hapo haina pa kukaa. Kinachokaa ni kile kitu kidogo kwenye Android kinaitwa kubana skrini, kipo toka Android 5, unaenda kwenye usalama unakiwasha, unafungua katuni, unaibana, na ukishachagua idai namba ya siri mtoto hatoki pale mpaka uweke namba yako. Sekunde chache tu na ni bure. Simu nyingine zina sehemu ya kuongeza mtumiaji mgeni, nayo ni nzuri zaidi, angalia kama yako inayo. Na namba ya siri ya hela ya simu ibadilishe ukijua mtoto anaijua, maana wanaijua, wanaisoma kidoleni kwako wakati unanunua LUKU.

Kufunga kuna mwisho wake. Facebook, Instagram, TikTok zote zinataka miaka 13, na mtoto wa darasa la sita anajua kabisa mwaka gani wa kuzaliwa aweke ili mtandao ukubali. Gemu kama Free Fire zina maongezi ya sauti na watu asiowajua, hujui yuko na nani timu moja usiku ule.

Njia ya pili ni kukariri, lile bango la ukutani: usitoe namba ya siri, usiongee na usiowajua, usitume picha. Nalo liwepo ni rahisi na kwa wadogo wa darasa la kwanza linatosha. Kwa wakubwa halibaki. Unawauliza kwa pamoja wanajibu kwa wimbo "hatutoiii", kesho yake mmoja anamwambia rafiki pattern ya simu ya baba kwa biskuti.

Njia ya tatu ndio naichagua mimi, visa. Naprinti meseji za kawaida kabisa ambazo kila simu hapa imeshawahi kupokea. "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu." "Mimi mwenye nyumba wako, hii ndio namba yangu mpya, kodi tuma huku." "Mwanao ameanguka shuleni yuko hospitali, tuma hela ya matibabu haraka." "Umeshinda." Na nachanganya na za kweli, ya shule kuhusu kikao cha wazazi, ya shangazi anauliza mmefika salama. Kila kundi linapanga mafungu matatu: kweli, uongo, na namuuliza mkubwa. Fungu la tatu ndio somo lenyewe. Mwanzo linakuwa tupu kwasababu watoto wanaona aibu kutojua, ukilisifia linaanza kujaa. Ile ya mwanao ameanguka inaleta ubishi kila mara, kuna wa kusema tuma kwanza maana akifa je, kuna wa kusema nitaipigia hiyo namba niulize, mpaka mmoja ashtuke kwamba ukiipigia hiyo namba atapokea tapeli yule yule, upige ile ya mwalimu uliyokuwa nayo toka zamani. Kanuni hiyo imetoka mdomoni kwa mtoto na wanaenda nayo nyumbani, kuna bibi ameokolewa hela yake na mjukuu wa darasa la tano.

Udhaifu wa visa ni kwamba vinataka mtu mzima anayejua kusikiliza bila kugomba. Mtoto akisema kuna mtu alinitumia picha mbaya ukamwakia, hatarudi tena kukwambia, na hapo darasa lako umelifunga mwenyewe. Kabla ya kuanza visa vya aina hiyo jua pa kumpeleka: namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure, na Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Za utapeli namba inaripotiwa TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa meseji kwenda 15040, na *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, hiyo wape kama kazi ya nyumbani wakafanye na wazazi, wengi watashangaa.

Na sisi wakubwa tumo. Shule inapost watoto na sare, beji inasomeka, jina kwenye cheti linasomeka, alafu kesho tunawaambia wasitoe taarifa zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, omba ridhaa ya mzazi kwa maandishi kwanza, au piga picha mikono na kompyuta tu.

Kwahiyo nani achague nini

Shule ya kijijini haina umeme, darasa kubwa: kadi na mchanga, pamoja na visa, muhula mzima na msijione mmepitwa. Shule yenye mashine chache: Scratch bila intaneti kwa darasa la tano na la sita kwa jozi, wengine kadi, akaunti za mtandaoni msiwafungulie. English medium zenye maabara nzuri na intaneti, nyie kifaa hamna shida nacho, hela yenu ipelekeni kwenye kumfundisha mwalimu, na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ile pale ina ndaki nzima ya kompyuta, tafuteni wanafunzi wa kuja kujitolea Jumamosi, wawe wawili na kila mara pawe na mwalimu wa shule ndani ya chumba.

Mzazi mwenye simu moja tu nyumbani asinunue tablet kwanza. Bana skrini, badilisha namba ya siri, na ile meseji ya kitapeli ikiingia usiifute, mwite mtoto msome wote umuulize anaiweka fungu gani. Zinakuja kila wiki hizo, mtaala haukuishii.